Uzio Mmoja, Mistari Miwili: Kisa cha Shule ya Msingi ya Lugha Mbili Katikati ya Jiji la Dodoma

Shule ninayoizungumzia hapa ni ya serikali, iko katikati ya Jiji la Dodoma, mwendo wa miguu kutoka stesheni ya zamani ya reli, na ndani ya uzio wake watoto wanafundishwa kwa lugha mbili. Wengi wanasoma kwa Kiswahili kama shule nyingine zote za Kayumba, yaani shule za kawaida za serikali. Wachache wanasoma kwa Kiingereza, kwenye madarasa yaliyopakwa rangi upya upande wa barabarani. Jina la shule na la kata naliacha. Wakazi wa mjini kati huenda wakaitambua, na asiyeitambua hakosi kitu, maana habari yenyewe ingeweza kuwa ya shule yoyote ya umma iliyokaa mahali pazuri kwenye mji unaokua haraka.

Niliingia kwenye kamati ya shule kama mwakilishi wa wazazi wakati mchepuo wa Kiingereza umeshaanza. Sikuwa miongoni mwa waliouanzisha wala walioupinga. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: niandae maelezo mafupi ya historia ya shule kwa ajili ya mkutano wa wazazi, mkutano ambao kila mtu alijua utakuwa na kelele. Mwalimu mkuu akanikabidhi kitabu cha kumbukumbu za shule, lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo kila mwalimu mkuu humwachia anayefuata, pamoja na ufunguo wa stoo. Nilivyosoma, nikaona kuwa ugomvi tulionao ulishawahi kutokea palepale, na zaidi ya mara moja. Kila mara watu walidhani wanagombania lugha. Kila mara kilichoamuliwa kilikuwa ni nani akae kwenye chumba kipi, na mwalimu mzuri aende kwa nani.

Jengo la Uhindini

Reli ya Kati ilipofika Dodoma, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilileta maduka, na maduka yakaleta familia za wafanyabiashara wa Kihindi. Eneo walilokaa linaitwa Uhindini hadi leo. Jengo kongwe kuliko yote pale shuleni, lenye kuta nene, baraza ndefu na matundu ya hewa karibu na dari, ni la enzi za Mwingereza, na lilijengwa kwa ajili ya watoto wa jamii hiyo. Elimu ya Tanganyika wakati ule ilikatwa vipande vitatu kwa rangi ya ngozi: shule za Wazungu, shule za Waasia, shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Watoto wa Uhindini walisoma kwa Kigujarati na Kiingereza. Watoto wa Kiafrika wa mjini walianza kwa Kiswahili, na wale wachache waliofika madarasa ya juu ndio waliokutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa. Cigogo, lugha ya wenye ardhi hii, haikuwa na darasa popote pale mjini.

Kwa hiyo mji huu ulikuwa na elimu ya lugha zaidi ya moja tangu zamani. Tofauti ni kwamba kila lugha ilikuwa na jengo lake, na majengo hayakufanana.

Sheria ya Elimu ya 1961, iliyoanza kutumika 1962, ilifuta ubaguzi huo, na milango ya shule yetu ikafunguliwa kwa watoto wa Kiafrika. Mzee mmoja wa Majengo, ambaye wajukuu zake wanasoma pale sasa, aliingia miaka hiyo. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia, tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini. Alinieleza kuwa kwa miaka michache mambo yalikuwa ya ajabu: darasani Kiingereza, uwanjani Kiswahili, nyumbani Cigogo. Nikamuuliza kama lugha zile tatu hazikumchanganya. Akacheka. "Lugha tulizishika, mwanangu. Tabu ilikuwa viatu." Wenzao walikuja na viatu na soksi, wao walikuja peku, na mwalimu aliwapanga viti vya nyuma ili wasichafue sakafu. Nimelisikia neno lile mara nyingi kichwani nikiwa kwenye vikao vya kamati.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na kuanzia hapo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote saba ya shule ya msingi. Shule chache sana za umma ziliachiwa Kiingereza, hasa kwa ajili ya watoto wa wageni. Yetu haikuwa mojawapo. Kwenye kitabu cha kumbukumbu unaona mwandiko uleule wa mwalimu uleule ukihama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili katika kurasa chache tu. Mwanzoni Kiswahili chake kinajikwaa, sentensi fupi fupi, mistari imefutwa na kuandikwa tena. Baadaye kinatulia, na humo ndimo kuna maelezo mazuri kuliko yote kwenye daftari lile: shamba la shule la mtama, kuku waliokufa kwa kideri, mvua iliyogoma kunyesha.

Halafu likaja Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote (kwa kifupi cha Kiingereza, UPE), iliyopamba moto 1977. Watoto walimiminika. Darasa la asubuhi na darasa la mchana kwenye chumba kimoja, na walimu waliofundishwa kazi wakiwa kazini, wale ambao mpaka leo watu huwaita walimu wa UPE, mara nyingi kwa dharau wasiyostahili. Bila wao hata mimi nisingeandika haya.

Sitakaa sana kwenye miaka ya 1980 na 1990. Itoshe kusema kuwa mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuitazama elimu ya nchi, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikulipokea pendekezo hilo, na ule mwanya tunaoujua wote ukabaki palepale: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, kimegeuka. Sera ya Elimu ya 1995 iliuacha mwanya huo kama ulivyo. Katika miaka hiyohiyo shule binafsi za ingilishi midiamu zikaanza kuota, nazo zikauza jambo moja tu, yaani daraja la kuvuka mwanya huo. Mwenye hela akanunua.

Serikali ilipohamia

Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 uteuzi huo ulikuwa wa kwenye makaratasi zaidi kuliko mitaani. Wabunge walikuja, wakakaa vikao, wakaondoka. Hayo yalibadilika Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali inahama kweli. Wizara zikaja, Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, na Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni jiji. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Wenyeji hatuhitaji sensa kuliona hilo. Inatosha kuangalia kodi ya chumba na sebule pale Area D.

Watumishi waliohamia walikuja na watoto, na wengi wa watoto hao walitoka Dar es Salaam wakiwa tayari kwenye shule za Kiingereza. Baadhi yao walitoka kwenye shule za umma zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, ambako mzazi huchangia lakini si kwa viwango vya shule binafsi. Hapa swali lao lilikuwa la haki kabisa: kama Dar inawezekana, kama Arusha inawezekana, makao makuu ya nchi yanashindwaje? Mshahara wa afisa wa kawaida hauwezi kulipa ada za shule binafsi za watoto watatu, basi la shule likiwa juu yake, na bado nyumba ya kupanga ikasubiri.

Shule yetu ilitazamwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, iko pazuri: mtumishi anayekwenda kazini anamshusha mtoto njiani. Ya pili haikusemwa waziwazi kwenye kikao chochote, lakini kila mtu aliijua: ukuta wa upande wa barabara una fremu za maduka. Shule ina wapangaji wa vifaa vya simu, wa nguo za mitumba na wa stesheneri, na kodi yao ndiyo inayolipa mlinzi na maji. Shule yenye kipato chake haihitaji kuombewa fungu ili kupaka rangi vyumba viwili.

Kibali kikapatikana, maana shule haiwezi kujibadilishia lugha ya kufundishia kwa uamuzi wake. Mchepuo ukaanza na darasa la awali na la kwanza, kwa mpango wa kuongeza darasa moja kila mwaka. Upande wa Kiswahili ungeendelea bila ada, kama ilivyo nchi nzima tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutekelezwa Januari 2016. Upande wa Kiingereza wazazi wangechangia. Mwalimu mkuu mmoja, kamati moja, kengele moja.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri, na nitasema wazi kuwa walioupanga hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mtoto wa mtumishi wa kawaida apate kile ambacho mtoto wa mwenye hela anapata. Ubaya wake ulikuja kwenye mambo matatu madogo, ambayo hakuna hata moja lililopigiwa kura.

La kwanza ni walimu. Hakuna mwalimu mpya aliyeletwa kwa ajili ya mchepuo. Mwalimu mkuu alitazama wafanyakazi alionao akachagua wanaoweza kusimama na kufundisha Hisabati kwa Kiingereza bila kubabaika. Kwa kawaida hao ndio walimu wenye juhudi, wanaosoma vitabu, wanaowahi kazini. Wakavuka uwanja. Huku nyuma vipindi vyao vikagawanywa kwa waliobaki, na madarasa yenye uhaba wa walimu yakaunganishwa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Upande wa barabarani kilifuatwa, maana wazazi wanaochangia wanakuja kuhesabu. Upande wa Kiswahili kilikuwa kimeshapotea zamani, na sasa kikasahaulika kabisa.

La pili ni sare. Shule za msingi za umma zinajulikana kwa shati jeupe na bluu chini. Wazazi wa mchepuo waliomba sare tofauti, sweta la rangi ya zabibu na shati la drafti, kwa hoja kwamba inamsaidia dereva wa bajaji kumtambua mtoto. Hoja hiyo ikapita. Tangu siku hiyo mstarini asubuhi kuna mistari miwili ambayo hata kipofu wa rangi angeitofautisha, maana mmoja una soksi. Nikamkumbuka mzee wa Majengo.

La tatu ni uhamisho katikati ya safari. Mchepuo ulipofika darasa la tatu na la nne, nafasi zilitokea, na baadhi ya wazazi wa upande wa Kiswahili walijibana ili wavushe watoto wao. Hapa ndipo nilipoona kitu kilichonibadilisha namna ya kulitazama suala zima.

Daftari la mtoto wa darasa la nne

Mama mmoja anayeuza mboga pale soko la Sabasaba alimvusha binti yake akiwa amemaliza darasa la tatu kwa Kiswahili, miongoni mwa watoto waliofanya vizuri. Baada ya muhula mmoja aliitwa shuleni akaambiwa mtoto hafuati. Alinijia kama mjumbe wa kamati, akiwa na daftari la Hisabati kwenye mfuko wa mkononi. "Kaka yangu, we niangalizie. Mimi hicho Kizungu sikijui, lakini mwanangu hesabu anajua. Dukani chenji ananirudishia yeye."

Nililifungua. Kurasa za kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa tarakimu tatu, kugawanya kwa mabaki: vema, vema, vema, kalamu nyekundu imepita kwa furaha. Halafu zikaja kurasa za mafumbo, yale maswali ya mkulima aliyevuna magunia kadhaa akauza nusu. Hapo palikuwa patupu. Kwenye swali moja alikuwa ameokota namba zote mbili zilizomo akazijumlisha, na jibu lilitakiwa la kutoa. Kwenye lingine aliandika jibu sahihi bila njia, na mwalimu akalikata kwa sababu njia haipo. Nikamwita binti, nikamsomea fumbo lile la kwanza kwa Kiswahili, polepole. Alilijibu kabla sijamaliza kulisoma, akanitazama kama vile nimemuuliza jina lake.

Mtoto huyu hakuwa na tatizo la Hisabati. Kiingereza chake kilikuwa cha vipindi vichache kwa wiki kilichoanza darasa la tatu, kama mtaala wa wakati ule ulivyoagiza, na sasa alitakiwa kukitumia kuelewa kila kitu kingine. Alikuwa ameuvuka mwanya miaka minne mapema kuliko wenzake, bila kamba. Na mwalimu wake, mwanamke mchapakazi ninayemheshimu, alikuwa amekatazwa kutumia Kiswahili darasani. Wazazi wa mchepuo walishalalamika kwamba wamelipia Kiingereza, na mwalimu akisikika anafafanua kwa Kiswahili ni wizi.

Kwa hiyo pale tulipoiita shule ya lugha mbili, hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa anapata lugha mbili ipasavyo. Upande mmoja Kiingereza kilikuwa somo la kupita tu. Upande wa pili Kiswahili kilikuwa somo, na nje ya kipindi chake kilikuwa kosa.

Kisa cha Washington

Nilipokuwa natafuta shule iliyowahi kupita njia hii, nilirudi mara kwa mara kwenye shule moja ya umma ya huko Marekani, Oyster, iliyoko mtaa wa Woodley Park mjini Washington. Ni shule ya mtaani kama yetu, na ilianza kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza 1971, wakati familia za wazungumzaji wa Kihispania zilikuwa zinaongezeka kwenye mitaa ya jirani. Jambo lililoipa jina ni namna ilivyopanga darasa: walimu wawili kwenye kila darasa, mmoja akifundisha kwa Kihispania na mwingine kwa Kiingereza, na watoto wa lugha zote mbili kwenye meza moja. Hakuna upande wa Kihispania na upande wa Kiingereza. Kila mtoto anasoma masomo yake kwa lugha zote mbili, na kila mtoto kuna saa za siku ambapo yeye ndiye anayejua na jirani yake ndiye anayeuliza.

Kipo pia kipande cha historia yao ambacho kamati yenye fremu za maduka lazima ikisome mara mbili. Jengo lao, la 1926, lilichakaa hadi shule ikakaribia kufungwa miaka ya 1990. Wazazi wakapigania njia isiyo ya kawaida: sehemu ya kiwanja cha shule ikatolewa kwa kampuni ya ujenzi ijenge nyumba za kupangisha, na fedha za mpango huo zikajenga shule mpya, iliyofunguliwa 2001. Mwaka 2007 Oyster iliunganishwa na shule ya Adams, na sasa inafundisha hadi darasa la nane.

Hatuwezi kuihamisha Oyster ilivyo. Kule lugha zote mbili zilikuwa na watoto wake: mtoto wa Kihispania alimfundisha wa Kiingereza kwenye mchezo wa kamba. Dodoma hakuna mtaa ambao watoto wanalala na kuamka na Kiingereza. Lugha ya pili kwa mtoto aliyehamia mjini kutoka Hombolo au Zuzu mara nyingi ni Kiswahili chenyewe. Na walimu wawili kwa darasa ni ndoto pale ambapo mmoja hatoshi. Lakini kitu kimoja kinahamishika bila shilingi ya ziada, nacho ni kuacha kuwagawa watoto kwa lugha. Igawanywe siku, au yagawanywe masomo.

Mkutano wa wazazi

Mkutano ulifanyika chini ya miti, mwenyekiti wa mtaa akiwa mgeni, na ulikuwa na kelele kama ilivyotarajiwa. Mzee wa Majengo alisimama wa kwanza, akafungua kwa salamu ya Cigogo, "Mbukwenyi!", wenyeji wakaitikia kwa nguvu, na baadhi ya wahamiaji wakatazamana. Hakusema mengi. Aliuliza kwa nini mjukuu wake anakaa chini wakati chumba cha pili madawati yamebaki.

Wazazi wa mchepuo walijibu, na jibu lao lina uzito wake: madawati yale waliyachangia wao. Baba mmoja, mtumishi wa wizara, alisema kwa upole kabisa kwamba hakuja kumnyang'anya mtu nafasi, alikuja kwa amri ya kuhamishwa kazi, na kama mchepuo utafungwa mwanawe atarudi kwa bibi yake Dar. Upande wa pili mama mmoja akauliza kama na yeye ahamishwe kazi ndipo mwanawe apate mwalimu. Watu wakacheka, lakini swali lilibaki limesimama. Kuna waliotaka mchepuo ufutwe. Kuna waliotaka shule nzima igeuzwe ya Kiingereza kesho asubuhi, na hao walipigiwa makofi mengi kuliko wote. Mimi makofi yale yaliniogopesha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeliona lile daftari. Shule nzima kugeuzwa bila walimu wa kutosha ni kuzalisha kurasa tupu za mafumbo kwa mamia.

Nilipopewa nafasi nilisoma historia niliyotumwa, kuanzia jengo la Uhindini hadi sare ya rangi ya zabibu, kisha nikaeleza habari ya daftari bila kumtaja mtoto. Mama yake alikuwepo, amekaa mstari wa tatu, akanyanyua mkono akasema ni wa kwangu huyo. Sikutegemea. Baada ya hapo mazungumzo yakashuka sauti, watu wakaanza kuulizana vipindi vinapangwaje.

Kilichofanyika

Kamati haina mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia, na haikujaribu. Ilipendekeza yale yaliyo ndani ya uwezo wa mwalimu mkuu na ratiba yake. Walimu wa Kiingereza wenye uwezo wafundishe somo la Kiingereza pande zote mbili, na walimu wazuri wa Kiswahili na Hisabati vilevile wavuke uwanja kila siku badala ya kukaa upande mmoja mwaka mzima. Mwalimu wa mchepuo aruhusiwe kufafanua kwa Kiswahili pale darasa linapokwama, hasa kwenye mafumbo ya Hisabati na kwenye Sayansi, na mzazi atakayelalamika aje kwenye kamati, asimfuate mwalimu. Mtoto asihamishwe kwenda mchepuo baada ya darasa la pili bila kupimwa kusoma kwake kwa Kiingereza. Mapato ya fremu yagawanywe kwa idadi ya watoto. Sare ilishindikana. Tuliijadili mara nyingi kuliko mambo yote, na ndiyo pekee iliyobaki kama ilivyokuwa.

Ratiba ya kuvuka uwanja imeshika kwa kiasi. Baadhi ya walimu waliipenda, baadhi walilalamika kuwa wameongezewa mzigo, na malalamiko yao ni ya kweli: mwalimu anayefundisha Kiingereza pande zote mbili anasahihisha madaftari ya shule nzima. Kamati ilipendekeza posho ndogo kutoka kwenye fremu. Wakaguzi wa hesabu walihoji. Suala liko mezani.

Wakati huohuo serikali nayo imesogea. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unaleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza kwa watoto wote wa shule za msingi, na Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa Dodoma Januari 2025, inafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Hilo la kwanza linapunguza umbali kati ya mistari yetu miwili, mradi walimu wa kulifundisha wawepo. Hilo la pili lina hesabu yake: waliokuwa darasa la tatu 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia darasa moja watamaliza la saba. Madarasa mawili yataondoka pamoja kwenda Kidato cha Kwanza 2028, na vyumba vyao vitabaki wazi kwa pamoja.

Maombi ya vyumba hivyo yameshaanza. Wazazi wa mchepuo wanavitaka kwa ajili ya darasa la awali la pili, na wa upande wa Kiswahili wanavitaka ili darasa la kwanza ligawanywe. Binti wa mama wa Sabasaba alibaki kwenye mchepuo, amepanda darasa, na mwalimu wake sasa anayasoma mafumbo mara mbili, kwa lugha mbili, kabla hajasema anzeni. Pendekezo nililowasilisha kwenye kikao kilichopita ni kwamba vyumba vile viwili vipewe darasa la kwanza, pande zote, wachanganywe, Hisabati wasome pamoja kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu mkuu ameomba barua ya maandishi ili ampelekee Afisa Elimu Kata.